Kiangazi cha Tuta la Mageuzo

Jumamosi, 12 Juni 1976
Siku ya ishirini na tatu bila tone la mvua. Hilary kachimba viazi vya kwanza, vidogo kama mayai ya njiwa, tumevila na siagi. Daftari hili nililinunua la kuandikia uzazi wa ng'ombe, lakini jioni ni ndefu na Hilary, binti yangu, si mtu wa maneno mengi. Nitaandika humu na mengine.

Jumatatu, 14 Juni
Jua.

Jumatano, 16 Juni
Reg, dereva wa lori la maziwa, leo alichelewa kuondoka. Nikajua ana jambo.

"Bi Tebbutt, kisima cha shemeji yako Cyril kimebaki matope. Anachota maji mtoni kwa trekta, safari nne kwa siku."

"Sasa mimi nifanyeje?"

"Sijasema ufanye kitu. Mimi nabeba maziwa tu."

"Na umbeya."

"Umbeya hauna uzito, mama. Hauli hata petroli."

Akacheka peke yake, akaondoka. Mimi sikucheka. Chemchemi yetu inatoa maji kama kawaida, na ng'ombe wangu arobaini wanakunywa mpaka wanashiba. Iko hatua kumi tu kutoka kwenye uzio unaotutenga na Cyril. Ng'ombe wake husimama ng'ambo ya waya wakiitazama.

Niandike wazi jambo hili, maana Hilary alikuwa na miaka kumi na miwili tu lilipotokea. Baba mkwe wangu, Mzee Josiah, alipofariki mwaka 1965 aliwagawia wanawe wawili shamba. Wosia ulisema mpaka ni Tuta la Mageuzo: upande wa magharibi wa Harold, mume wangu, upande wa mashariki wa Cyril, mdogo wake. Tuta lenyewe ni la zamani za kale, lilirundikana pale ambapo wakulima wa enzi zile, miaka mia saba iliyopita, walikuwa wakigeuzia maksai wao. Lakini wakati wa vita serikali iliamuru malisho yote yalimwe nafaka, trekta likapita, tuta likasawazishwa. Mzee alifikiri kila mtu anakumbuka lilipokuwa. Harold alisema lilikuwa ng'ambo ya chemchemi. Cyril akasema hapana, lilikuwa upande wetu wa chemchemi. Harold akaweka uzio. Tangu siku ile, miaka kumi na mmoja, nyumba mbili hazisemezani.

Harold ametangulia miaka mitano sasa. Uzio nimeutunza mimi.

Jumapili, 20 Juni
Kanisani tumeombea mvua. Dot, mkewe Cyril, hukaa mabenchi mawili mbele yangu. Mwaka mzima natazama kisogo chake. Leo nimeona shingo imekonda. Tuliolewa mwaka mmoja, mimi na yeye. Mapazia yaliyoko jikoni kwangu mpaka leo tuliyashona pamoja, yeye akiimba vibaya na mimi nikimwambia anyamaze.

Ibada ilipokwisha alitangulia kutoka, kama kawaida.

Jumanne, 22 Juni
Maziwa yamepungua. Nyasi zinavunjika ukizikanyaga.

Jumapili, 27 Juni
Joto la kuua. Lami ya barabarani inanata viatuni. Wakati wa chakula cha mchana Hilary kaweka uma chini.

"Mama, tuwafungulie ng'ombe wa baba mdogo."

"Ule mkate wako."

"Ng'ombe hawakugombana na mtu."

"Baba yako aliweka ule uzio kwa mikono yake."

"Na baba yangu hayupo. Wako ng'ombe wenye kiu."

Nikamwambia kama anaona baba yake alikosea aseme wazi, tena aseme akinitazama usoni. Kachukua kofia yake, kaenda zizini. Mpaka saa ya kukamua hatukuzungumza, na wakati wa kukamua tulizungumza na ng'ombe tu.

Alhamisi, 1 Julai
Jua. Bata wawili wamekufa.

Jumapili, 4 Julai
Sijui nianzie wapi.

Mtamba mmoja alipotea, yule mwenye doa kwenye paji la uso. Hilary alikuwa anasafisha vyombo vya maziwa, kwa hiyo nikaenda mimi. Nikavuka barabara nikapanda kilima cha Barrow, ambako sijapanda tangu Harold afe, maana hatuna malisho kule. Mtamba nilimkuta kwenye kivuli cha ukuta wa mawe, hana wasiwasi. Nikakaa karibu naye nipumzike, nikageuka kutazama nyumbani.

Shamba letu lote lilikuwa na mistari.

Nimeishi hapa miaka thelathini na mmoja na sijawahi kuliona hivyo. Matuta ya wale watu wa kale yamekauka, yamekuwa manjano kama mabua ya ngano. Mifereji iliyokuwa kati yake bado ina unyevu chini, imebaki kijani. Trekta la wakati wa vita lilisawazisha juu tu, chini udongo haukusahau. Mistari inatoka karibu na nyumba yetu, inapanda sambamba, mingi, na kila mmoja ukikaribia mwisho unapinda kidogo kushoto. Mzee Josiah aliwahi kunieleza sababu: maksai walikuwa wanane, wawili wawili, na msafara mrefu kama ule huwezi kuugeuza ghafla. Mwenye plau alianza kuwapinda kabla hawajafika mwisho.

Kisha mistari yote inakoma mahali pamoja. Pana ukanda mpana usio na mstari, na baada yake inaanza mistari mingine inayokwenda upande mwingine kabisa.

Ule ukanda ndio Tuta la Mageuzo. Mtoto mdogo angeliona.

Unapita kwenye mti wa miiba uliopinda. Chemchemi iko ng'ambo yake, upande wa Cyril. Na uzio wetu uko mbele zaidi, ndani kabisa ya mistari ya watu wengine. Nilipoteremka nilipima kwa miguu kutoka mti wa miiba hadi uzio. Hatua hamsini na nne.

Nimemrudisha mtamba. Hilary aliuliza mbona niko kimya. Nikasema ni jua.

Jumatatu, 5 Julai
Sikusema kitu.

Jumatano, 7 Julai
Nilipokuwa nafua nilikumbuka kiangazi cha mwaka 1959. Kilikuwa kikali vilevile, na Harold alifanya kazi ya kuvuna kule Barrow wiki nzima, akimsaidia mwenye kilima. Wiki nzima, juu kule. Kama mistari ilionekana mwaka ule, basi aliiona.

Nimefua shati moja mara mbili.

Ijumaa, 9 Julai
Mawingu asubuhi. Nimesimama uani nikayaombea yapasuke. Kijiji kizima kinaomba mvua kwa ajili ya mifugo. Mimi niliiomba ili nyasi ziote, mistari ifutike, nibaki na Harold wangu kama alivyokuwa. Niandike hivyo hivyo, maana ndiyo kweli.

Mchana mawingu yakaondoka.

Jumapili, 11 Julai
Sikwenda kanisani. Nimesema kichwa kinauma.

Jumatano, 14 Julai
Reg hakufanya mzaha leo. Alisimama akizungusha kofia mkononi.

"Kesho kutwa lori la mnada linakwenda kwa Cyril. Wanane wanaondoka."

"Wanane?"

"Pamoja na Duchess."

Duchess namjua. Mama yake alikufa akimzaa, Dot akamlea jikoni kwake kwa chupa, akilala sakafuni pembeni ya jiko mpaka Cyril akalalamika kwamba ameoa ndama. Kisa hicho nilisimuliwa na watu. Dot mwenyewe hakuweza kunisimulia.

"Reg," nikamwambia, "umewahi kupanda Barrow?"

"Na tumbo hili? Napanda lori tu, mama."

Akanitazama sana kabla ya kuondoka.

Alhamisi, 15 Julai
Leo nitaandika yote.

Baada ya kukamua asubuhi nilivaa viatu vizuri, kisha nikaona ujinga, nikavaa vya shamba. Nikamwambia Hilary naenda kwa baba yake mdogo. Alikuwa amebeba ndoo mbili. Aliziweka chini taratibu kama zimejaa mayai, akasema, "Nije?" Nikasema abaki.

Nilipita barabarani, sikuruka uzio. Mbwa wao mpya hanijui, akabweka. Cyril alikuwa anafunga tangi la maji nyuma ya trekta. Amezeeka. Kwa mbali kanisani huoni. Mikono imepasuka, na ana ule mtindo wa Harold wa kusimama akiegemea mguu mmoja.

"Cyril, nataka uje nami Barrow. Kuna kitu nataka ukione."

Hakuuliza kitu gani. Alizima trekta. Tukapanda, yeye mbele, mimi nyuma. Juu kabisa nikanyoosha kidole.

"Ule pale. Mistari inakoma pale kwenye mti wa miiba. Ndilo Tuta la Mageuzo. Chemchemi ni yenu. Imekuwa yenu siku zote."

Hakutazama nilikoonyesha. Alikuwa ananitazama mimi.

"Najua, shemeji," akasema. "Nimeliona tangu katikati ya Juni."

Miaka kumi na mmoja sijaitwa shemeji. Nikakaa kwenye nyasi.

"Umeliona? Na ng'ombe wako wanakufa kiu? Mbona hukuja?"

"Nije nikwambie nini? Hodi, Maud, mumeo aliyelala makaburini alinidhulumu, njoo utazame? Dot alinisukuma kila siku. Alisema, wewe nenda, Maud ni mtu wa haki. Nikamwambia, haki gani hiyo ya kumvunjia mjane heshima ya mumewe. Nikasema kama Mungu anataka alione, atampandisha kilimani."

"Ni mtamba aliyenipandisha."

"Basi huyo mtamba mpe chumvi ya ziada."

Nilicheka, na kicheko kikageuka kilio, nikaona aibu. Cyril alikaa hatua chache kutoka kwangu akang'oa nyasi kavu moja moja. Aliniacha nilie mpaka nikamaliza. Kisha nikamwuliza lile lililonikosesha raha siku kumi na moja.

"Alijua? Mwaka ule wa hamsini na tisa alivuna hapa juu."

Akaziweka chini nyasi alizong'oa.

"Mwaka tuliogawana, kisima chenu kilikuwa kimekauka. Unakumbuka? Hukumbuki, ulikuwa hospitali na yale mapafu, miezi miwili. Harold alikuwa na ng'ombe, mtoto mdogo, na mke ambaye daktari hakumwahidi kitu. Alisimama pale kwenye mti wa miiba, nikamwona, na nguzo begani. Kisha akaendelea kutembea. Labda aliamini. Labda hakuamini. Mimi ningekuwa yeye siku ile, sijui kama macho yangu yangeona vizuri."

"Basi kwa nini uligombana naye?"

"Kwa sababu hakuniomba! Angeniambia, mdogo wangu, nipe maji, ningempa chemchemi nzima na ndoo juu yake. Lakini kaka yangu hakuzaliwa na mdomo wa kuomba. Na mimi sikuzaliwa na mdomo wa kunyamaza."

Tuliteremka pamoja. Mlangoni kwao Dot alikuwa amesimama na aproni, ameshika mlango kama vile upepo ungeuchukua, na upepo haukuwepo. Nilitaka kumwambia maneno niliyoyapanga. Nikasema, "Dot, lile lori la kesho lirudisheni." Akasema, "Umekonda, Maud." Nikasema, "Wewe je?" Ndivyo tulivyomaliza miaka kumi na mmoja. Halafu akanipa chai, na akaimba akiichemsha, vibaya vilevile.

Ijumaa, 16 Julai
Hilary ndiye aliyekata waya wa kwanza. Ng'ombe wa Cyril hawakusubiri tumalize. Walipita kwa vishindo, Duchess akiwa mbele, wakazamisha pua mpaka machoni. Wangu wakasimama pembeni wamekasirika kama wanawake waliovamiwa jikoni. Kisha wakapigana pembe, tukapigwa na matope, Cyril akaanguka kwenye birika la kunyweshea ng'ombe na Dot akasema aachwe humo, alihitaji kuoga tangu Mei.

Jumanne, 20 Julai
Zamu zimepangwa. Wetu asubuhi, wao mchana.

Jumatatu, 2 Agosti
Maji ya chemchemi yameshuka kiganja kimoja.

Alhamisi, 5 Agosti
Viganja viwili. Jioni jirani wa ng'ambo ya barabara aliniambia, tena kwa sauti ya huruma, kwamba nimefanya wema wa kuua zizi langu. Nimelichukua neno lake mpaka nyumbani.

Jumamosi, 7 Agosti
Birika halijai kabla ya zamu ya pili. Cyril alikuja mlangoni, kofia mkononi.

"Shemeji, wangu niwarudishe kwenye maji ya mto. Lori la mnada nalo bado lipo."

"Chemchemi ni yako. Ukitaka kumfukuza mtu, tufukuze sisi."

"Usiwe mkaidi kama mumeo."

"Nimekaa naye miaka ishirini na sita. Ulitaka nijifunze nini kingine?"

Akatabasamu, lakini uso ulikuwa umechoka. Hilary akatoka nyuma yangu akasema, "Nani aliwahi kuisafisha?" Tukatazamana sisi watu wazima. Hakuna. Tangu uzio uwekwe, hakuna aliyegusa jicho la chemchemi. Harold hakuwahi kulisogelea. Kumbe hata hilo sikuwahi kujiuliza.

Jumapili, 8 Agosti
Padri atatusamehe. Tumechimba tangu asubuhi, wanne, kwa zamu. Matope meusi, mizizi, mawe. Mawe yalipangwa duara na mtu, mtu wa zamani sana. Saa nane mchana Hilary alizama hadi mapajani, akapiga kelele. Tulidhani kaumia. Alikuwa anasema maji ni ya baridi. Maji yalikuwa yanamzunguka miguu yakipanda.

Tumekula mkate, jibini na vitunguu tukiwa tumekaa kwenye matope. Sijawahi kuona chakula kitamu vile. Ilipofika jioni birika lilikuwa linafurika.

Jumatano, 11 Agosti
Linafurika bado.

Alhamisi, 19 Agosti
Reg anasema kijiji kizima kina habari. Nikamwuliza kaieneza vipi, yeye anayebeba maziwa tu. Kasema safari hii habari ndiyo iliyombeba yeye.

Jumapili, 29 Agosti
Radi. Matone makubwa kama vifungo, kisha ukuta wa maji. Hilary na mimi tulisimama uani tumelowa, na ng'ambo ya malisho nikamwona Cyril naye kasimama uani kwake kalowa, mikono kiunoni. Akanipungia. Nikampungia. Mvua ilikuwa nzito kiasi kwamba nilimwona kwa sehemu sehemu tu.

Jumamosi, 4 Septemba
Kabla nyasi hazijafunika, Cyril na Hilary wamepigilia vigingi kwenye Tuta la Mageuzo, mimi nikiwaelekeza kutoka Barrow kwa kitambaa cha meza. Kushoto. Tena. Hapo. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Cyril amekataa kuweka uzio. Anasema vigingi vinatosha kwa watu wanaosemezana. Mwezi wa kumi na moja tutapanda mstari wa miti ya miiba, na penye chemchemi tutaacha pengo la upana wa ng'ombe wawili.

Jumapili, 12 Septemba
Malisho yote kijani. Nimepanda kutazama, hakuna mstari hata mmoja. Ungeapa kwamba hapajawahi kulimwa.

Jumapili, 19 Septemba
Baada ya ibada nilikwenda makaburini kama kila wiki. Nilisikia hatua nyuma yangu. Alikuwa Cyril, na Dot kabaki langoni na Hilary.

Siku ya mazishi Cyril hakuingia. Alisimama barabarani, nje ya ukuta, mvua ikimnyeshea, na mimi nilimwona nikageuza uso. Nimelikiri hilo leo mbele yake. Akasema, "Nami nilikuona ukigeuza."

Akavua kofia. Alitazama jina la kaka yake.

"Haya, Harold," akasema. "Ulizidisha hatua hamsini na nne."

"Ulipima?" nikamwuliza.

"Nilipima mwaka ule ule tuliogawana. Kwake labda zilikuwa hamsini tu. Yeye alikuwa na miguu mirefu." Akapiga magoti kwa taabu, akang'oa magugu pembeni ya jiwe, moja baada ya jingine, akiyarundika kwenye kofia yake. Nilipiga magoti upande wa pili nikaanza ya kwangu. Tulipomaliza alinipa mkono ninyanyuke, tukaenda kula kwa Dot, sote wanne.